Miguu Yenye Masikio

Kinachofungwa kwanza kwenye begi ni viatu. Nguo zitafuata, na dawa za presha, na miwani ya kusomea, lakini viatu hutangulia, kila kimoja kimeviringishwa kwenye taulo dogo. Ni viatu vyepesi vya kisigino kifupi, ngozi juu na ngozi chini. Mwenyewe hatembei navyo barabarani. Changarawe moja ikikwaruza soli, mtelezo umeharibika, na mchezaji wa soul ya Kaskazini, dansi ya miji ya kaskazini mwa Uingereza, asiye na mtelezo ni sawa na mshonaji aliyepoteza sindano.

Tuseme ni marafiki watano, wanawake watatu na wanaume wawili, waliopanda treni Ijumaa mchana kuelekea Blackpool, mji wa pwani kaskazini magharibi mwa Uingereza. Walianza kukesha pamoja dansini katikati ya miaka ya 1970, wakiwa na umri wa miaka 17 hivi. Sasa wote wamevuka sitini, na mmoja ana goti la chuma. Makundi ya namna hii hushuka stesheni ya Blackpool kila Juni, moja baada ya jingine, kwa ajili ya tamasha la kimataifa la soul linalofanyika katika majengo ya Winter Gardens. Siku zote za tamasha watakula wakiwa wima, watalala mchana, na usiku watakuwa sakafuni.

Mpita njia akichungulia mlangoni huona wazee wanaoukumbuka ujana wao. Hajaangalia miguu. Kinachofanyika pale ni ufundi, wenye kanuni zake, zana zake, mafundi wake na wanagenzi wake, na kiini cha ufundi huo ni kusikiliza.

Muziki wenyewe haukuzaliwa pwani hii. Ulirekodiwa Detroit, Chicago, Los Angeles, Philadelphia na miji mingine ya Marekani, hasa katikati ya miaka ya 1960, na waimbaji weusi ambao wengi wao hawakuwahi kupata jina. Kampuni ya Motown, iliyoanzishwa na Berry Gordy mjini Detroit mwaka 1959, ilikuwa imeonyesha kwamba nyimbo za vijana weusi zingeweza kuuzwa kwa kila mtu, na kila mwenye kijistudio akataka na yeye apate kundi lake kama Supremes wa Motown. Zikatoka santuri ndogo za inchi 7, za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande, dakika mbili na nusu basi. Nyingine zilichapishwa nakala chache mno. Redio hazikuzipiga. Zikaishia maghalani na kwenye maduka ya bei ya kutupa, zimefungwa mafungu kwa mafungu kama mitumba.

Kwa Kiswahili mtu angekimbilia kuziita zilipendwa. Jina hilo halizifai. Zilipendwa ni nyimbo ambazo umma uliziimba, ukazichezea harusini, kisha wakati ukazipita. Hizi hazikuwafikia watu hata siku moja. Zilitoka, zikanyamaza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini waimbaji hawa walicheza kwao wasitunzwe, wakaja kutunzwa ng'ambo ya bahari, miaka kadhaa baadaye, na watu waliokuwa wakichimba makaa ya mawe na kusuka pamba.

Jina la soul ya Kaskazini lilitoka kwa Dave Godin, mwandishi wa jarida la Blues & Soul, ambaye pia alikuwa na duka la santuri jijini London lililoitwa Soul City. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alibaini jambo. Mashabiki wa soka waliokuja London kufuata timu zao kutoka miji ya kaskazini walipita dukani kwake, na hawakutaka muziki mpya wa funk uliokuwa ukipendwa na vijana wa jiji. Waliulizia santuri za miaka iliyopita, zenye mwendo wa haraka na ngoma nzito. Godin akawaelekeza wauzaji wake: akija mteja wa huko, wasimpotezee muda kwa mambo mapya, wampigie soul ya kaskazini. Mwaka 1970 akaliandika jina hilo kwenye safu yake, nalo likashika.

Huko kaskazini kulikuwa na kumbi. Twisted Wheel ya Manchester ilifunguliwa 1963, ikafungwa 1971. Ikafuata Torch ya Tunstall, katika mji wa wafinyanzi wa Stoke-on-Trent. Kisha tarehe 23 Septemba 1973 ukaanza mkesha wa Wigan Casino, saa nane usiku hadi saa mbili asubuhi, bila pombe kuuzwa. Watu walisafiri kutoka kila pembe ya nchi kuja kucheza ndani ya ukumbi mkuukuu wa mji wa makaa ya mawe, wakatoka asubuhi jasho likiwavukia mvuke kwenye baridi. Mkesha wa mwisho ulikuwa tarehe 6 Desemba 1981. Jengo lilivunjwa miaka michache baadaye.

Lakini uhusiano wa watu hawa na dansi ya pwani ni wa zamani zaidi kuliko soul. Kila mji wa viwanda vya pamba wa Lancashire, jimbo la Blackpool, ulikuwa na wiki yake ya mapumziko. Mitambo ilizimwa, moshi ukakatika, na karibu mji mzima ukapanda treni kwenda baharini. Reli ilifika Blackpool mwaka 1846, na mji ukajijenga kwa kuwatazama wageni hao. Gati la Central, lililofunguliwa 1868, lilipata sifa ya kuwa gati la watu wa kawaida kwa sababu ya dansi iliyochezwa juu yake, penye hewa wazi, mawimbi yakipita chini ya mbao. Winter Gardens ikafunguliwa 1878, na ndani yake, mwaka 1896, ukaongezwa ukumbi wa Empress Ballroom wenye dari la tao na vinara vya kioo. Mnara wa Blackpool ukasimama 1894. Ukumbi wa dansi uliomo chini yake, ulioundwa na msanifu Frank Matcham na kufunguliwa 1899, una sakafu ya vipande 30,602 vya mahogani, mwaloni na mjozi, kila kimoja kimelazwa kando ya mwenziwe.

Inafaa kusimama kidogo hapo. Wafanyakazi wa viwandani, waliosimama siku nzima juu ya sakafu ya mawe yenye mafuta, walijengewa sakafu ambayo mfalme asingeona aibu kuikanyaga. Maseremala walioipanga majina yao hayatajwi na mtu leo, lakini kila anayeteleza pale anateleza juu ya kazi yao. Sakafu nzuri ya dansi hunesa. Chini ya mbao kuna nafasi na viunzi vinavyoiacha ishuke kidogo uzito unapoanguka, kisha iurudishe uzito huo kwa mchezaji. Anayecheza usiku kucha juu ya saruji ataamka na magoti yaliyovimba. Juu ya mbao inayonesa, bibi wa miaka 68 anacheza saa tano na kesho yake anarudi.

Pwani ya pili, upande wa mashariki wa nchi, mikesha ya soul ilianza mwaka 1975 kwenye gati la Cleethorpes, ndani ya banda lililojengwa juu ya nguzo za gati lenyewe. Pale mtu alicheza huku bahari ikiwa chini yake.

Sasa miguu.

Mwanamke mmoja amechagua mahali pake karibu na nguzo ya kushoto, mita nne hivi kutoka ukingo wa sakafu. Amevaa sketi pana inayofika chini ya goti, na mkononi ana kitambaa cha jasho. Wimbo unaanza kwa besi, kisha ngoma, halafu tarumbeta zinaingia kwa kishindo. Yeye bado amesimama. Anatikisa kichwa tu, taratibu, kama mtu anayekubaliana na mzungumzaji. Ngoma ya nyimbo hizi hugonga mapigo manne yaliyo sawa, bila kuruka hata moja, na ndiyo maana wengine huona ni rahisi kuichezea. Anasubiri mwimbaji aingie. Mwimbaji anapovuta pumzi ya kwanza, mguu wa kulia wa mchezaji unaondoka.

Hauinuki. Unaondoka ukiwa umelala karibu kabisa na mbao, unateleza kando, na wa kushoto unaufuata ukiburuzwa kwa ncha ya wayo. Kisha inarudi. Uzito wote uko mbele ya nyayo; visigino vinagusa bila kugonga. Kutoka kiunoni kwenda juu ametulia kama aliyebeba mtungi wa maji kichwani, mikono imelegea, mabega hayana habari. Kutoka magotini kwenda chini ni vurugu iliyopimwa. Vifundo vya miguu vinageuka ndani na nje, na kwa kila mapigo manne anakwenda kulia na kurudi, lakini safari mbili hazifanani. Mara anaongeza hatua ndogo katikati ya mapigo mawili, pale gitaa linapojibu. Mara anaiacha ngoma ipite na kuufuata mstari wa besi. Ukimtazama kwa makini unaweza kujua gitaa liko wapi hata ukiziba masikio.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Wageni huvutiwa na mambo makubwa: kijana anayezunguka kama pia mara saba nane, anayepiga teke la juu, anayejiangusha chali, akapokewa na viganja vyake na kuruka wima tena, anayepiga msamba katikati ya umati. Mambo hayo yana historia yake. Wapo waliomtazama mwimbaji Jackie Wilson jukwaani namna alivyokuwa akianguka na kuinuka, na filamu za kung fu za Bruce Lee zilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970 mateke yaliongezeka. Ni mazuri, na kuyafanya bila kumgonga jirani katika sakafu iliyojaa si kazi ndogo. Lakini wakongwe hawaulizani mtu alizunguka mara ngapi. Huulizana alizungukia wapi. Mahali pa mzunguko ni pale wimbo unapogeuka, mwimbaji anapouacha ubeti na kwaya inakaribia kuingia. Anayezunguka pale ambapo wimbo haukugeuka ameonyesha watu wote kwamba hakuwa akisikiliza.

Zipo pia sehemu ambapo vyombo hukatika ghafla kwa pigo moja. Watu waliokuwa kila mmoja kwenye dunia yake, macho wameyafumba au wanatazama sakafu, hupiga kofi moja kwa pamoja. Moja tu. Halafu ngoma inarudi na kila mtu anaendelea na yake. Hakuna aliyehesabu kwa sauti, hakuna kiongozi. Mgeni anayesikia kofi lile mara ya kwanza hushtuka, kwa sababu ndipo anapotambua kwamba mamia ya watu hawa wanaocheza peke yao walikuwa pamoja muda wote.

Maana soul ya Kaskazini huchezwa peke yako. Hakuna kuombana mkono, hakuna msichana anayeketi ukutani akisubiri kuchaguliwa. Kwa wasichana wa viwandani wa mwaka 1974 hilo lilikuwa jambo kubwa: kuingia sakafuni kwa hiari yako, na kutoka unapotaka. Empress Ballroom hiyo hiyo hupokea kila mwaka mashindano makuu ya dansi za wawili wawili, Blackpool Dance Festival, yaliyoanza 1920. Huko wachezaji huvaa namba mgongoni na waamuzi huandika. Mashindano ya soul nayo yapo, lakini katika mkesha wa kawaida hakuna namba na hakuna mwamuzi. Anayecheza vizuri hupewa nafasi kidogo zaidi ya kujinyoosha, basi, na anayejua thamani ya nafasi hiyo sakafuni anajua kwamba ametunzwa.

Ufundi huu kwa miaka mingi haukuwa na shule. Ulijifunza kwa kumwangalia dada wa rafiki yako, kisha ukarudi nyumbani kujaribu jikoni ukiwa na soksi, wazazi wamelala. Ulianza kando, nje ya katikati ya sakafu, kwa sababu katikati palikuwa pa waliojua. Leo yapo madarasa, na vijana wa miaka ishirini wanafika Blackpool wakiwa wamejifunza kutoka kwenye video. Wanaruka vizuri. Lakini waangalie saa tisa usiku wanapowajongelea wazee, wasiseme neno, wakaanza kuiga namna bibi yule anavyokiweka kisigino. Unagenzi wenyewe ndio huo, na haulipiwi ada.

Mwili wa mzee unapunguza, na kupunguza huko si hasara yote. Teke huondoka kwanza. Kuanguka chali kunafuata, kwa ushauri wa daktari. Mizunguko saba inakuwa miwili. Kinachobaki ni mtelezo, na mtelezo wa mtu aliyeusikia wimbo mmoja kwa miaka hamsini una kitu ambacho kijana hawezi kukiazima. Kwa hukumu ya haki, wachezaji bora katika ukumbi huu ni wale ambao picha haziwapendelei.

Nguo nazo zilitoka kwenye kazi hiyo. Suruali za wanaume zilikuwa pana mno ili goti lisishikwe, na vijana wa Dar es Salaam wa wakati huo wangeziona pacha wa bugaluu zao. Fulana ni ya jasho. Begi la mkononi lilibeba nguo kavu za kubadilisha, taulo, na kopo la poda ya watoto. Poda ilinyunyizwa sakafuni mahali mchezaji aliposimama, ili soli iteleze bila kukwama. Kumbi nyingi siku hizi zinaikataza kwa kuhurumia mbao, na wachezaji wametii. Kwenye begi kulishonwa beji za kumbi walizokesha, na juu ya beji nyingi kulikuwa na ngumi iliyoinuliwa, ishara waliyoichukua kwa Wamarekani weusi waliokuwa wakidai haki zao.

Na kwa kuwa Dar es Salaam imetajwa: soul haikuwa ngeni pwani ya kwetu. Vijana wa jiji hilo waliichezea disko mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kiasi kwamba Novemba 1969 wakuu wa mkoa waliipiga marufuku, wakiiona ni utamaduni wa nje unaowapotosha. Kwa hiyo santuri za Marekani nyeusi ziliwafikia wachimba makaa wa Wigan na vijana wa Dar es Salaam katika miaka ile ile. Kule mbali kumejengewa tamasha. Huku tuna wazee ambao bado wanakumbuka hatua, na ni nadra mtu kuwauliza.

Fundi wa pili katika mkesha ni mpiga santuri. Sanduku lake ni dogo, linabebwa kwa mkono mmoja, na lililomo ndani huenda likazidi thamani ya gari alilokuja nalo. Kanuni ya wenye msimamo ni moja: santuri iwe ya chapa ya kwanza, ile iliyotoka kiwandani Marekani wakati wake. Nakala za baadaye hazipigwi. Anayeitazama kanuni hiyo juu juu ataiita majivuno. Lakini ndiyo iliyowafanya watu wavuke bahari, wapekue maghala ya Miami na Philadelphia, wafungue maboksi yenye vumbi na kusikiliza santuri elfu ili wapate mbili. Bila kanuni hiyo, santuri hizi zingeyeyushwa.

Mpiga santuri Richard Searling alirudi kutoka Marekani mwaka 1973 na santuri ya mwimbaji Gloria Jones, "Tainted Love," iliyotungwa na Ed Cobb, kurekodiwa 1964 na kuachwa upande wa pili wa santuri ambayo haikuuza. Wachezaji waliipokea. Mwaka 1981 vijana wawili wa bendi ya Soft Cell waliirudia kwa vinanda vya umeme ikashika namba moja Uingereza, na leo dunia nzima inaijua. Kabla ya dunia kuijua, miguu ilikuwa imeshaichagua.

Wapiga santuri walikuwa na wivu wa kazi yao. Aliyepata wimbo usiojulikana alibandika karatasi nyeupe juu ya lebo na kumtangaza mwimbaji kwa jina la uongo, ili mshindani asiweze kuutafuta. Ndivyo ilivyokuwa kwa wimbo ambao umekuwa kama kito cha taji la soul ya Kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulipigwa Wigan ukidaiwa kuwa wa Eddie Foster. Mwimbaji halisi alikuwa Frank Wilson. Alirekodi "Do I Love You (Indeed I Do)" mwaka 1965 kwa lebo ya Soul, tawi la Motown, lakini akaamua kuwa mtayarishaji badala ya mwimbaji, na nakala zilizokuwa zimechapishwa zikaharibiwa karibu zote. Kwa miaka mingi zilijulikana nakala mbili tu. Moja iliuzwa mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Wilson aliendelea kuwatayarishia nyimbo Supremes na Eddie Kendricks, akafariki 2012. Wimbo wenyewe una dakika mbili na nusu. Ukianza Blackpool, vikombe vya chai vinaachwa mezani vikifuka moshi.

Lipo la kusemwa kuhusu haki. Santuri nyingi zilichapishwa upya nchini Uingereza kwa wizi, na mwimbaji aliyekuwa akiendesha lori Detroit hakupata senti wala habari. Mikesha ya zamani pia ilikuwa na vidonge vya kuwakesheza watu, na wapo waliouawa navyo. Torch ilifungwa 1973 baada ya kunyimwa leseni kwa sababu hiyo. Anayeusifu ufundi huu akayaruka hayo hajawatendea haki waliopotea. Lakini wachezaji hao hao ndio waliowatafuta waimbaji, wakawaandikia, wakawalipia ndege. Major Lance wa Chicago aliimba Torch mwaka 1972 na usiku ule ukatolewa kuwa albamu. Edwin Starr wa Detroit alihamia kabisa Uingereza, akaishi huko hadi kifo chake mwaka 2003. Hadi leo wikendi za pwani huwapandisha jukwaani wazee wa miaka 75 au 80 kuimba wimbo ambao kwao hakuna anayeukumbuka. Mwimbaji huanza kwa hofu. Ukifika mstari wa pili anakuta ukumbi mzima unaimba naye, maneno yote, hata zile pumzi, na kuna wanaoshindwa kuendelea wakasimama tu kipaza sauti kikiwa mkononi.

Blackpool imeelekea magharibi, kwa hiyo jua huchomoza nyuma ya mji. Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mwanga wake huipata bahari ikiwa imejitenga mbali, mchanga ukiwa na mistari ya maji. Marafiki watano wanatoka wakiwa wamevaa raba, viatu vya ngozi vimerudi kwenye taulo. Hawasemi sana. Mmoja anauliza ule wimbo wa tatu kabla ya mwisho ulikuwa wa nani, na mabishano yanaanza, yatakayowafikisha hadi nyumba ya wageni na kuendelea mezani wakisubiri mayai. Mwenye goti la chuma anatembea nyuma yao kidogo, karibu na ukuta wa bahari. Mguu wake mzima unateleza kwenye lami, kulia na kurudi.

Msomaji atakayebahatika kupita Blackpool wikendi hiyo na aingie. Asiogope kutojua, avae soli laini, asimame kando wimbo mzima kabla ya kucheza, na atazame chini. Kinywaji akiache mezani. Na akitaka kwenda upande wa pili wa ukumbi, azunguke ukingoni: sakafu haikatizwi.